Nimemaliza HGE, uchumi au historia? Naombeni ushauri

mtoto_wa_ujiji
Mwakeye wakuu. Niko Kigoma hapa, nimemaliza fomu siksi mchepuo wa HGE (historia, jiografia na uchumi), historia nina B, jiografia C, uchumi C, BAM, yaani zile hesabu za lazima, nimeambulia D. Dirisha la kuomba vyuo ndo hilo na nyumbani pamegawanyika. Baba mdogo ambaye ndo ananisaidia mambo mengi anasema uchumi basi, ukijitambulisha mchumi hata wakubwa wanakaa vizuri kwenye kiti. Bimkubwa anataka ualimu. Mimi moyo uko kwenye historia na sosholojia kidogo ila nikitamka tu naulizwa "utaila hiyo historia?". Swali kwa waliopita huko, uchumi wa chuo unafanana na huu wetu wa HGE? Na hizo hesabu wanazosema ni hesabu kweli au watu wanatishana tu?

Mzee_wa_Mwandiga
Dogo haufanani hata kidogo, wengi tunaumia hapo. Uchumi wa sekondari ni wa kuandika, unaeleza sababu sita na kuchora mchoro mmoja umemaliza. Chuo mwaka wa kwanza tu unakutana na maikro (uchumi wa mtu na soko moja moja), makro (uchumi wa nchi nzima), takwimu na hesabu za wachumi, matrisi na kudifarenshieti kwa sana. Nikupe mfano wa nyumbani, mama yuko soko la Mwanga ana elfu kumi, anataka mawese na dagaa, kila shilingi anayoweka kwenye mawese kaitoa kwenye dagaa. Sekondari hiyo stori unaiandikia ukurasa mzima unapata maksi zako. Chuo unaambiwa iweke kwenye milinganyo, halafu tafuta pale ambapo shilingi ya mwisho kwenye mawese inamridhisha sawasawa na shilingi ya mwisho kwenye dagaa. Wanaiita njia ya Lagrange na haina huruma. Mwaka wa tatu inakuja ekonometriki, yaani kupima uchumi kwa takwimu, hapo mimi nilisapu, nikarudia mtihani, na nilikuwa na C ya BAM. Sikukatishi tamaa, ila D yako inabidi uiwekee jembe kabla hujafika huko, sio ukifika. Na soma sifa za kozi chuo kwa chuo kwenye kitabu cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kuna vyuo kwenye uchumi wanaangalia hesabu kwanza.

binti_wa_stesheni
Salamu toka Tabora. Mie nataka kumjibu huyo anayeuliza utaila historia. Mwalimu Nyerere kasoma hapa Tabora Boys, akaenda Makerere, akarudi kufundisha hapahapa St. Mary's, halafu 1949 akaenda Edinburgh na kumaliza 1952. Watu wanasemaga alienda kusomea uchumi, wengine wanasema historia, kumbe alichanganya, uchumi ulikuwemo, historia ya Uingereza ilikuwemo, sheria za katiba, anthropolojia, hadi falsafa ya maadili. Digrii moja hiyo. Hata Adam Smith ambaye wachumi wote wanamtaja alikuwa profesa wa falsafa ya maadili kule Glasgow. Hivi vitu kuvitenganisha kama maji na mafuta ni sisi tu na makombi yetu ya masomo.

kapteni_dagaa
Dada nimekuelewa ila mwaka 1952 Mtanganyika mwenye digrii alikuwa kama kupatwa kwa jua, leo kuna jamaa yangu ana digrii ya uchumi anaendesha boda Kasulu na anaendesha vizuri tu. Na mwingine aliyesoma sosholojia ndo kapata kibarua cha kukusanya data kwenye mashirika yanayofanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa sababu alijua kuhoji watu, anaongea Kiha na Kifaransa cha kuombea maji, na Excel yuko vizuri. Kwa hiyo jina la digrii sio kila kitu, japo baba mdogo hatakuelewa hahaha.

Halafu dogo wewe ni wa ziwani. Mwaka 2024 si Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kuvua marufuku, kijiweni kila mtu akawa mchambuzi. Mchumi wa hesabu atakwambia samaki wakipungua sokoni bei inapanda, sawa, hilo hata mama muuza anajua. Ila nani anaheshimu katazo na nani anavua usiku, na kwa nini kijiji hiki wanalindana na kile hawalindani, hapo ukitumia hesabu peke yake unakwama. Kuna mama Mmarekani anaitwa Elinor Ostrom, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanavyosimamia mali ya pamoja kama uvuvi, misitu na maji, akapewa Nobel ya uchumi 2009, mwanamke wa kwanza kuipata hiyo. Udaktari wake ulikuwa wa sayansi ya siasa.

Mzee_wa_Mwandiga
Kapteni umeongea, ila huyo mama naye takwimu alizijua, dogo asije akasikia hapo akakimbia BAM 😂

mtoto_wa_ujiji
Asanteni sana wakuu, nimesoma yote mara mbili. Kwa hiyo nikichagua sosholojia chaguo la kwanza halafu nikabanana na takwimu na Excel, si bado naweza kufanya hizo kazi za utafiti? Maana kusema ukweli hiyo Lagrange imenitoa jasho na sijaiona bado.

binti_wa_stesheni
Unaweza. Takwimu utakutana nazo hata huko sosholojia, utafiti wa mwisho unafanya mwenyewe. Muulize tu aliyepo kwenye hicho chuo kozi za kuchagua nje ya idara yako zinaruhusiwa ngapi, ukipata nafasi beba maikro hata moja.

mtoto_wa_ujiji
Sawa dada. Sasa kumwambia baba mdogo ndo mtihani wenyewe. Kuna mtu ana notsi za BAM za kudifarenshieti hapa mjini? Za kwangu nilimpa mtu akahama nazo Mpanda.

Mzee_wa_Mwandiga
Ninazo, zimekula mafuta ya mawese kidogo ila zinasomeka. Nicheki inboksi.