Jiko la jua la boksi limegoma kwenye nyuzi 58, tuanzie wapi?

mzazi_darasa6
Habari zenu wadau. Binti yangu anatengeneza jiko la jua kwa mradi wa mazingira shuleni. Ni katoni moja, ndani imebandikwa karatasi ya alumini hadi chini, juu nailoni angavu tabaka moja, uwazi sm 30 kwa 40. Sufuria ni ya alumini inayong'aa, ina maji lita 1. Jua kali, dakika 90: maji yametoka nyuzi 25 yakafika 58, yakagoma. Maonyesho ni wiki ijayo.

fundi_katoni
Anza na sufuria. Ikiwa inang'aa, mwanga unaipiga na kurudi nje. Ipakeni masizi kwa nje, mfuniko pia. Chini yake wekeni bati jembamba jeusi. Alumini ibaki ukutani tu.

Halafu katoni moja haishiki joto. Itieni ndani ya kubwa zaidi, nafasi sm 4 hadi 5 kila upande na chini, mjaze magazeti yaliyofinyangwa. Msiyashindilie! Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya karatasi, na mkishindilia mnaitoa. Nailoni ziwe tabaka 2, ziachane sm 1 au 2, zivutwe mpaka zikaze. Pembe zibeni kwa vipande vya karatasi na gundi ya unga, maana selotepu ikipata joto huachia. Mkiona ukungu kwenye nailoni, mvuke unatoka sufuriani: mfuniko haujakaa vizuri, na matone hayo yanazuia mwanga.

Kisu ashike mtu mzima.

mwalimu_fizikia
Maji nayo ni mengi mno. Uwazi wenu ni mita za mraba 0.12. Jua kali likipiga wima huleta takriban wati 1,000 kwa mita ya mraba, kwa hiyo nyie mnapata wati zisizozidi 120. Kupasha lita 1 kwa nyuzi 33 ni kilojuli 138. Gawanya kwa sekunde 5,400, unapata wati 26 tu. Mtoto aiweke hesabu hii kwenye bango lake, inaonyesha wazi kiasi kinachopotea. Jaribuni na ml 300.

Ongezeni ubao wa kuakisi nyuma ya uwazi, alumini ibandikwe bila makunyanzi. Uinamisheni hadi mwanga uangukie sufuriani, na jiko ligeuzwe kufuata jua kila dakika 20. Asiutazame ubao moja kwa moja, mwanga wake unaumiza macho.

Vipimo vichukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kila dakika 10. Badilisheni kitu kimoja kwa kila jaribio; mkibadili sufuria na nailoni pamoja, hamtajua kipi kimesaidia.

mzazi_darasa6
Asanteni sana. Je, lazima maji yachemke ndipo mradi uonekane umefaulu?

mwalimu_fizikia
Hapana, mama. Maji yakifika nyuzi 65 na kukaa hapo dakika kadhaa, vijidudu vingi vya maradhi hufa. Kemikali na chumvi hubaki, na hilo aliandike. Lengo liwe 65 bila kuni wala mkaa. Zimebaki nyuzi 7.