Themostati smati inazima yenyewe na mashine ya nje inalia tik tik, nianzie wapi?

kiota_kipya:
Wakuu habarini, naombeni msaada. Nimetoa themostati (kile kifaa cha ukutani cha kuongoza AC) ya zamani ya betri nikaweka hii smati ya waifai. Ya zamani ilikuwa na nyaya nne tu, nyekundu R (umeme unaoingia), nyeupe W (joto), njano Y (baridi), kijani G (feni), na haijawahi kusumbua. Nilipoibandua nikakuta waya wa tano, wa bluu, umekunjwa ndani ya ukuta haujafungwa popote, na hii mpya inataka C (waya wa kurudisha umeme), basi nikauchuna nikauchomeka kwenye C. Ikawaka, ikashika waifai, baridi ikaja fresh kabisa. Sasa ikikaa masaa kadhaa skrini inakuwa nyeusi, waifai inakata, baadaye inajiwasha yenyewe, na hata nikiwa nimezima AC nasikia mashine ya nje inafanya tik tik tik. Waya nimeuvuta hautoki. Je ni themostati mbovu niirudishe nilikoinunua au kuna kitu kwenye nyaya?

fundi_bodi:
Usiirudishe kwanza mkuu. Waya ukiukuta umekunjwa ukutani, mara nyingi na upande wa pili kwenye mashine umekunjwa vile vile, aliyevuta kebo alikuwa na ya nyaya tano akahitaji nne, wa tano akauacha. Kwa hiyo hapo umefunga upande mmoja tu, C yako haina kitu.

Hiyo tik tik inaendana kabisa na hili. Umeme wa themostati hizi ni volti 24 AC, unatoka kwenye transfoma kupitia R na unarudi kwa C. Ile ya zamani ilikuwa ni swichi tu yenye betri zake, haikuhitaji njia ya kurudi. Hii smati ina waifai na skrini, isipopata C inanyonya umeme kidogo kidogo kupitia Y au W kuchaji betri yake ya ndani, sasa ule umeme kidogo ukipita kwenye koili ya kontakta (ile swichi inayowasha kompresa) ya mashine ya nje unaitikisa, ndo unachosikia. Izime kabisa kwa breka mpaka umalize kazi, maana kontakta ikigusa na kuachia hovyo kompresa inaumia na kompresa ndo kitu cha gharama kuliko vyote hapo.

Zima breka ya mashine ya ndani na ya nje, mara nyingi ni mbili tofauti. Fungua mfuniko wa mashine ya ndani utafute bodi yenye herufi hizo hizo R C W Y G, ufuate kebo inayotoka ukutani. Kwenye C yaweza kuwa tayari kuna waya unaoenda mashine ya nje, huo usiutoe, wa kwako unaungana nao hapo hapo.

kipimo_kwanza:
Naongezea kwa fundi hapo juu. Usiamini rangi. Hakuna kinachomlazimisha mtu kuweka bluu kwenye C, nimeshakuta nyeupe iko kwenye Y na kijani ndo C. Kinachosema ukweli ni ile skrubu ambayo waya umefungwa kwenye bodi. Piga picha bodi kabla hujagusa chochote.

Na ukishafunga pima kwa multimita (kile kipimo cha umeme), iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye R nyingine kwenye C pale ukutani, unatakiwa upate kama 24 mpaka 28. Ila angalieni hapa maana wengi wanapotea: ukipima R na Y unaweza kupata hiyo 24 pia kwa sababu kipimo kinasoma kupitia koili ya kontakta, haimaanishi Y ni C. Nimeona watu wanahamisha nyaya kwa sababu ya hicho kipimo.

Kwa wengine mnaosoma, kama nyuma ya themostati yenu kuna nyaya mbili nene zimeungwa kwa vifuniko vya kusokota, hiyo siyo ya volti 24, huo ni umeme mkubwa wa 120 au 240, themostati za aina hii haziingii hapo na unaweza kufa. Funga, mwite fundi umeme.

waya_nne:
Samahani kudandia uzi, mimi yangu ina nyaya nne kweli kweli, hakuna wa tano uliofichwa, nifanyeje?

fundi_bodi:
@waya_nne una njia tatu. Ya kwanza kuvuta kebo mpya, ndo bora ukuta ukiruhusu. Ya pili kile kiboksi cha adapta kinachofungwa kwenye bodi, baadhi ya themostati zinakuja nacho, kinafanya nyaya nne zifanye kazi ya tano. Ya tatu kuuhamisha waya wa G kuwa C, unauhamisha pande zote mbili, ukutani na kwenye bodi. Hapo unapoteza uwezo wa kuwasha feni peke yake, na kwenye baridi inabidi uweke jampa (waya mfupi wa kuunganisha) kati ya Y na G kwenye bodi ili feni ifuate kompresa. Usipoweka kompresa itawaka bila feni, koili ya ndani itaganda barafu. Mimi hii ya tatu siipendi.

kiota_kipya:
Wakuu asanteni sana, ni kweli, bluu ilikuwa imezungushwa kwenye ganda la kebo ndani ya mashine. Nimeuvuta nje nikaufunga C, nikarudisha breka, sasa ndo hakuna kitu kabisa, skrini imekufa na hata ile taa ndogo ya kwenye bodi haiwaki 😩 nimerudisha themostati ya zamani inaonyesha skrini kwa betri zake lakini mashine haiitiki.

kipimo_kwanza:
Taa ya bodi ikiwa imezima basi themostati haina kosa, umeme haufiki kwenye bodi au haupiti. Kuna swichi ndogo inayobonyezwa na mfuniko, mfuniko usipokaa sawasawa inakata kila kitu. Anzia hapo. Ikiwa imebonyea vizuri angalia fyuzi kwenye bodi, ni kama zile za gari, ya zambarau ni 3A, ya kahawia hafifu ni 5A. Baada ya hapo angalia sinia la maji ya AC, zingine zina swichi ya boya inayokata umeme maji yakijaa.

Na fyuzi ikiwa imekatika USIWEKE kubwa zaidi. Imekatika kwa sababu kuna shoti, ukiweka kubwa inayofuata kuungua ni transfoma.

fundi_bodi:
Sahihi. Kabla ya fyuzi mpya, breka ikiwa imezimwa, toa nyaya zote za kebo hiyo pande zote mbili, weka multimita kwenye mlio (inalia ncha zake zikiwa zimeungana), gusisha R na kila waya mwingine halafu R na bati la mashine. Popote ikilia ndo penye shoti. Angalia sana pale kebo inapopita kwenye tundu la bati.

kiota_kipya:
Ni hapo hapo! Fyuzi ya 3A imekatika, na R ikigusishwa na bati inalia. Ukingo wa tundu umekata ganda la waya mwekundu pale kebo inapoingia. Nimekata kipande kilichoumia, urefu ulibaki wa kutosha, nikachuna upya, nikaweka fyuzi ya 3A ile ile. R na C inasoma 26. Imekaa tangu jana haijazima hata mara moja, na mashine ya nje kimya kabisa nikizima.

fundi_bodi:
Safi sana. Weka mpira wa kulinda waya kwenye hilo tundu, mashine inatetemeka ikifanya kazi na bati litakata tena. Halafu ingia kwenye mipangilio ya nyaya ya themostati uone kama imeitambua C, zingine hazijisasishi zenyewe mpaka upitie tena hatua za mwanzo.