Laibrari za testi za Java: JUnit, AssertJ, Hamcrest... mwatumia ipi? Na kwani 200 si sawa na 200.00?

fundi_wa_tudor
Salaam ndugu zanguni. Nna kaprogramu ka kutoa risiti namwandikia ami yangu ana duka la hadiwea huku Mwembe Tayari, Mombasa, kwa lugha ya Java na fremuweki yake Spring Boot, hesabu yenyewe si ya kutisha, bei mara idadi halafu VAT asilimia 16 juu yake basi. Mwenzangu akanambia usimpe mzee programu haina testi, yani vikodi vya kuihakiki hesabu yenyewe, siku risiti ikikosea utakosa pa kukaa Idi, nikaona ana maneno. Nikaandika testi ya kwanza, bidhaa ya shilingi 1,250, VAT yake 200, nikaweka `assertEquals(new BigDecimal("200"), vat)`, yani hakikisha hizi mbili ni sawa (BigDecimal ni aina ya namba za desimali ya Java), kubonyeza tu, nyekundu, imefeli!

`expected: <200> but was: <200.00>`

Yakhe, hizi si pesa zile zile? Nenda kwa muuza mahamri umwambie 200 na 200.00 ni vitu viwili uone atakavyokutazama. Nikabadilisha nikaweka assertTrue (hakikisha ni kweli) na compareTo, ya kulinganisha, ndani, ikapita, lakini hiyo nayo ikifeli yasema tu `expected: <true> but was: <false>`, haisemi imepata ngapi, yani ni kama kumuuliza mtoto umekula nini akakujibu "hapana".

La pili, ile dependensi ya testi ya Spring Boot imeniletea assertThat mbili, amri ya kuanzia uhakiki, ya AssertJ na ya Hamcrest, IDE (programu ninayoandikia kodi) ikiniuliza niimpoti ipi nabahatisha tu. Kwa nini zote hizo? Nyinyi mwatumia ipi?

bi_kikokotoo
Waaleikum salaam mdogo wangu. BigDecimal haibebi thamani peke yake, yabeba na idadi ya tarakimu baada ya nukta. Wewe umezidisha 1250 na 0.16, jibu limetoka na tarakimu mbili nyuma ya nukta, 200.00, na equals ya BigDecimal hulinganisha yote mawili. compareTo hutazama thamani tu. Kwa hiyo Java haijakosea na wewe hujakosea hesabu, ila swali uliloiuliza silo ulilotaka kuiuliza.

Kwa AssertJ andika hivi:

`assertThat(vat).isEqualByComparingTo("200");`

Hapo ikifeli itakwambia imepata ngapi na ilitarajia ngapi. Na hiyo kwangu ndiyo tofauti yote ya hizi laibrari, testi ikipita zote ni sawa, hakuna anayesoma kijani. Zipime siku imefeli saa tano za usiku na wewe ulishasahau uliandika nini. Mfano orodha ya bidhaa kwenye risiti: ukiweka assertTrue na contains utaambiwa false basi, ukiweka containsExactlyInAnyOrder utatajiwa kipi kimekosekana na kipi kimezidi, hata debaga, kifaa cha kusakia makosa, hufungui.

Kuhusu kwa nini ni tatu: JUnit kazi yake kubwa ni kutafuta testi, kuziendesha na kuripoti. Asasheni zake, yaani hizo amri za assert, ni chache na za msingi. Tangu JUnit 5 ya 2017 waliitoa kabisa assertThat wakasema mwenye kuitaka achukue laibrari ya nje, na Spring Boot ikaona isikuchagulie ikakuwekea zote. Hamcrest ndiyo ya zamani kuliko AssertJ, hata jina lake ni herufi za "matchers" zimechanganywa upya. Mimi nachukua AssertJ kwa sababu nikiweka nukta baada ya assertThat IDE yanionyesha kila kinachowezekana kwa aina ile, Hamcrest lazima ukumbuke majina kichwani. Chagua moja kwa projekti nzima, hilo ndo la maana kuliko ipi.

nyoka_wa_kongowea
Hahaha poleni watu wa Java, sisi wa Python kwa pytest, laibrari yetu ya testi, twaandika `assert vat == 200` tumemaliza, yenyewe huipitia ile assert kabla haijaendeshwa na ikifeli yakuonyesha thamani za pande zote mbili, hakuna kukariri isEqualBy nini sijui. Na Decimal ya Python 200 na 200.00 ni sawa sawia 😂

bi_kikokotoo
@nyoka_wa_kongowea na siku ile uliyoweka mabano, `assert (vat == 200, "VAT mbaya")`, ikawa yapita kila siku kwa sababu umeunda tapo (tuple, fungu la vitu ndani ya mabano) na tapo yenye kitu ndani daima ni kweli, hiyo hukuisimulia 😏

nyoka_wa_kongowea
Dada hiyo ilikuwa siri yetu. Halafu siku hizi Python yenyewe yatoa onyo, basi.

mzee_wa_konsoli
Vijana mwachekana lakini hilo la testi kupita bure Java pia lipo, na kwa AssertJ ndilo limeniumiza zaidi. Nilikuwa kampuni moja hapa mjini, siitaji, testi kijani miezi, kumbe mtu aliandika `assertThat(a.equals(b));` akafunga na nukta-mkato. Haikosi kukompaili, haikosi kupita, na haijadai kitu! Umeikabidhi true au false kisha hukuiuliza swali lolote. Lazima mwisho kuwe na isTrue au isEqualTo au chochote. Error Prone na SpotBugs, programu za kukagua kodi, zaweza kuikamata hiyo, ziwasheni.

Nyengine. Ukihama kutoka JUnit 4, ujumbe wa kosa ulikuwa hoja (kitu cha ndani ya mabano) ya kwanza kwenye assertEquals, JUnit 5 umekuwa wa mwisho. Ukiwa walinganisha maneno matatu yote ni String basi yakompaili bila kelele na ujumbe wako ndio unakuwa kinachotarajiwa. Na ukikuta TestNG, laibrari nyengine ya testi, mpangilio ni kinyume, kilichopatikana kwanza. Sisi tumetoka na hii tangu enzi Kent Beck na Erich Gamma walipoianza JUnit ndani ya ndege 1997, na bado watu wazima twapindua hoja mbili.

Kwa hiyo mimi testi siiamini mpaka niione imefeli. Haribu hesabu makusudi, weka 0.17, tazama. Ikibaki kijani hiyo si testi, ni pambo.

fundi_wa_tudor
Nimerudi, jana stima ilipotea mtaani ndo maana kimya. Nimehamia AssertJ, testi zishafika kumi na moja zote kijani, nikamfuata @mzee_wa_konsoli nikaharibu asilimia nikaweka 17. Tisa zikawa nyekundu. Mbili zimetulia kijani kama hawajui kitu.

Kutazama, mbili zile nilinakili mstari wa assertTrue yangu ya zamani nikabadilisha neno na namba tu, moja ni hii: `assertThat(jumla.compareTo(new BigDecimal("1334")) == 0);` na nukta-mkato. Nikarudisha 16, nikaziandika upya na isEqualByComparingTo, moja ikapita. Ya pili, ile ya punguzo la shilingi 100, ikafeli na asilimia sahihi kabisa: imepata 1350.00.

Yani nilikuwa natoa ile 100 baada ya VAT badala ya kabla. 1,250 toa 100 ni 1,150, VAT 184, jumla 1,334. Shilingi 16 juu ya kila mteja aliyeomba apunguziwe, na kwa ami kila mtu huomba apunguziwe.

Programu bado sijampa wallahi. Dada shukran, mzee shukran, nyoka wewe kahawa tungu utajinunulia.