Naomba ushauri: ukoko wa maji ya kisima bafuni

Hamjambo wenzangu. Hapa kwetu Kisauni maji ya mfereji huja yakitaka, tegemeo ni kisima. Na visima vya Mombasa mwavijua: vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yamejaa chokaa. Ukichemsha chai, vigamba vyeupe vyaelea juu kabla hata hujatia majani.

Birika si tabu. Natia siki na maji nusu kwa nusu, nachemsha, naacha, ukoko unabanduka wenyewe. Shawa nayo naifunga mfuko wa siki usiku kucha. Matundu yaliyokuwa yakirusha maji ukutani sasa yanateremka sawa.

Kinachonishinda ni sakafu ya terazo. Siki na ndimu siwezi kuzitia, kwa sababu asidi inayoyeyusha ule ukoko huila terazo vilevile, zote zina chokaa. Fundi mmoja ataka kumwaga spiriti ya chumvi, ile asidi kali ya kusafishia vyoo. Nimemkatalia, bafu lenyewe dogo halina dirisha la maana, na ikikutana na jiki iliyobaki chini hutoa gesi ya sumu. Jirani naye anasema nitie shabu tangini, lakini shabu hutuliza tope tu, chokaa haiigusi.

Je, kuna aliyekwangua terazo kwa jiwe la kusugulia miguu bila kuikwaruza? Na wenye mashine za kulainisha maji, chumvi yake yawagharimu kiasi gani kwa mwezi? Mimi ni mpangaji, sitaki kununua mtambo nije nimwachie mwenye nyumba.