Bunduki ya kalibri 12 ya majani majani: kuivua rangi ama kuiacha?

Wa_Kipushi: Wakubwa, jambo yenu. Niko na bunduki ya kalibri 12 ya pompa (ya kukokwa kwa kuvuta mkono), mtutu wa sentimita 71, yenye michoro ya majani ya kiwandani tangu mdomo hadi kitako. Imechubuka sehemu tatu: mkono unaposhika pompa, ukingoni mwa bodi (kisanduku cha mashine), na mdomoni mwa mtutu, ambako kutu inatoka kama vumbi la tofali. Fundi wa duko (rangi) za magari anataka kuipaka dawa ya kutoa rangi, kisha nyeusi. Mwingine anasema bronzaji, yaani kukigeuza chuma kuwa cheusi kwa dawa ya kemikali. Nimsikilize nani, ama niiache hivi? Mvua ziko karibu.

FundiKatuba: Usimsikilize yeyote kabla ya sumaku. Hakikisha bunduki ni tupu, chemba na bomba la risasi, kisha pitisha sumaku mtutuni na kwenye bodi. Bodi nyingi za pompa ni aluminiamu. Bronzaji inashika chuma tu, na ile ya moto ni maji ya soda kostiki na naitreti ya nyuzi 140 hivi: ukizamisha aluminiamu humo, inachemka mapovu na kuliwa mbele ya macho yako. Soda kostiki ya kutengenezea sabuni inafanya vilevile, hata ikiwa baridi.

Jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii: michoro hiyo ni filamu nyembamba iliyoelea juu ya maji, bunduki ikazamishwa, halafu ikafunikwa na vanishi. Kiwanda hakipotezi muda kung'arisha chuma kitakachofichwa. Ukivua, unakuta uso mkavu, wenye alama za mashine. Bronzaji haifichi alama, inazionyesha. Kwa hiyo ile nyeusi ya kung'aa unayoiwazia itadai saa nyingi za msasa kwanza, na msasa ukipita juu ya namba ya silaha, umejitafutia kesi. Namba ifunike kwa utepe na isiguswe, hata na rangi nzito.

Duko_na_Vanishi: Niongeze upande wa plastiki. Dawa ya kutoa rangi inalainisha kitako kama ubani uliotafunwa, hata asetoni ikikaa inakula. Na dawa ya mbu yenye DEET inafanya hivyohivyo, huenda ndiyo maana michoro inachubuka pale pa kushika! Filamu ambayo bado imeshika ni msingi mzuri wa rangi mpya. Isugue na msasa wa maji namba 400 hadi mng'ao uishe, futa kwa kitambaa kilicholowa pombe, piga tabaka mbili nyembamba za rangi isiyong'aa ya kukaushwa na katalizi (dawa ya kukaushia inayochanganywa na rangi). Palipoinuka tu ndipo pa kung'olewa kwa kisu cha plastiki.

Ila kwenye chuma usiniletee duko la gari kamili. Praima, rangi na vanishi vikijumlika vinapita maikroni 100, na pete ya mtutu haiingii tena kwenye bodi. Utalazimisha, rangi itavunjika vipande, vipande vitaingia kwenye mashine.

Wa_Kipushi: Sumaku imeng'ang'ania mtutu, bodi haishiki kabisa. Kutu yenyewe inaenda ndani ya filamu kiasi cha kucha ya kidole kidogo.

FundiKatuba: Basi kitako na bodi viache. Mtutu ndio una ugonjwa. Kutu ikishaingia chini ya filamu haisimami, na mvua za Novemba zitaikuta. Upeleke mtutu peke yake kwenye sablaji (kusugua kwa chembe zinazopulizwa na hewa), lakini si kwa mchanga wa mto: ni mkali kwa chuma, na vumbi lake linaua mapafu. Omba oksidi ya aluminiamu ya namba 100 hadi 120, presha ya baa 3 tu, kwa sababu karibu na mdomo ukuta ni mwembamba. Ziba pande zote mbili kwa mpira. Acha choki ya zamani (kipande kinachofungwa mdomoni mwa mtutu) imefungwa, ilinde nyuzi za skrubu za mtutu. Chembe ya kulengea ya plastiki iondoke.

Kabla ya rangi, weka mtutu ndani ya oveni nyuzi 120 kwa saa moja. Mafuta yaliyojificha chini ya ukanda wa kulengea, ule ulio juu ya mtutu, yatatoka jasho. Futa na asetoni, rudia hadi kitambaa kibaki cheupe. Ukiruka hapa, rangi itatoka mabaka baada ya mwezi. Halafu rangi ya seramiki ya kuokwa, tabaka la maikroni 25 hivi, nyuzi 120 kwa saa mbili. Usizidishe moto ovyo: kama ukanda umeunganishwa kwa madini ya risasi na bati, solda hiyo inaanza kuyeyuka kwenye 183.

Mtaa_wa_Kamalondo: Na hizo saa mbili ziwe za jenereta. SNEL (shirika la umeme) ikikata katikati, rangi inabaki nusu mbichi.

Duko_na_Vanishi: Kweli kabisa. Na mtutu ukiwa mweusi, kitako cha majani kitaonekana kama kofia ya mtu mwingine. Kama hilo linakuudhi, kitako kina njia niliyoiandika. Kama haikuudhi, pesa hizo nunua mafuta ya kusafishia na choki moja mpya.

Wa_Kipushi: Haiudhi. Napeleka mtutu Jumatatu.