Uvimbe wa kifuko kwenye ngozi: watu wa Kusini tupeane uzoefu

Mwana Newala: Leo stendi ya Masasi nimemkuta kijana ana uvimbe kisogoni, rafiki yake anataka kumminya kwa kucha. Nimewazuia. Waliopitia hili tuambizane.

Mkulima Tandahimba: Umenikumbusha mbali. Wangu ulikuwa mgongoni, hauumi, una kitone cheusi katikati. Msimu wa korosho nikabeba gunia hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika. Foleni ya mzani ndefu, jua la saa saba. Natua gunia, nasikia kitu kimepasuka, ute wa moto unateremka hadi kiunoni. Ile harufu, ndugu zangu! Wa nyuma yangu akasogea, na mwingine, nikabaki peke yangu na gunia langu. Mama muuza uji ndiye aliyenivua shati akanisafisha kwa maji ya ndoo yake. Mungu ambariki. Usiku homa, mgongo umewaka. Zahanati wakapasua, wakatoa usaha, wakanipa vidonge. Tabibu akasema kifuko bado kimo ndani, kitajaa tena, nirudi wekundu ukiisha. Nikarudi. Ganzi, mkato mdogo, wakakitoa kizima na kunionyesha: cheupe, mfano wa yai la mjusi. Nyuzi chache, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mpaka leo hakijaota tena.

Bi Mikindani: Harufu hiyo naijua. Pole kaka.

Fundi Nachingwea: Mnajitesa na visu. Paka mafuta ya ganda la korosho, utakauka wenyewe. Babu alitibu wengi.

Nesi Mtama: Kaka, nakuomba usiwaambie watu hivyo. Yale mafuta yanaunguza. Wabanguaji wenyewe hupaka majivu mikononi kujikinga. Tunapokea watu wenye kidonda kikubwa kuliko uvimbe waliokuwa nao.

Fundi Nachingwea: Mkishasoma mnawadharau wazee.

Nesi Mtama: Simdharau babu. Nimemfunga bandeji mtoto aliyepakwa.

Mwera Halisi: Shemeji yangu aliambiwa amerogwa, akachanjwa chale kwenye uvimbe. Ukavimba mara mbili.

Binti Kilwa: Wangu uko mkononi, laini, unateleza ukiugusa, kitone hauna.

Nesi Mtama: Huenda ni uvimbe wa mafuta, ni kitu kingine. Mara nyingi hauna madhara, ila ukikua haraka, ukiwa mgumu au ukiuma, uonwe. Na chochote kitakachotolewa, ulizeni kama kitapimwa maabara.

Mkulima Tandahimba: Na ukiwa umetulia, haukusumbui, hata kuuacha inaruhusiwa. Mimi niliambiwa hivyo.

Bi Mikindani: Hapana, toeni mapema ukiwa mdogo! Kovu dogo.

Kijana Lindi: Mimi ni kwenye kope, unaninyima raha. Niupasue?

Nesi Mtama: Usithubutu! Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Usipopungua, au ukianza kuona ukungu, nenda kwa daktari wa macho.

Kijana Lindi: Asante dada. Maji yako jikoni tayari.