Tupeane uzoefu: Waandishi mnaojichapishia vitabu, wasomaji wenu mliwapataje?

Wakuu, salaam.

Naandika riwaya na ninajichapishia mwenyewe hapa Dar es Salaam. Kila mwenye mswada ninayekutana naye anataka kujua wapi wanachapa vizuri na kwa bei gani. Hilo lina majibu yake: saizi A5, karatasi ya gramu 80, jalada gumu lililopakwa plastiki, kurasa zigawanyike kwa 16 usije ukalipia karatasi tupu, na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Kazi inaanza siku maboksi yanaposhushwa sebuleni. Hapo ndipo unabaki peke yako.

Kwangu mimi kilichouza ni kusoma kwa sauti. Ukibandika picha ya jalada stetasi, watu wanaandika "hongera sana" wanapita zao. Mimi nilirekodi kipande cha sura ya pili, pale mama mkwe anapofungua kabati na kukuta kanga za marehemu zimekatwa katikati zote, nikaishia hapo hapo. Nikaituma kwenye grupu la watu wa kwetu na la kikoba cha mke wangu. Jioni simu ikaanza kulia: "Alizikata nani?" Kila aliyeuliza nikamtumia bei na namba ya kulipia. Mpaka leo ndivyo ninavyouza, na nimeshasoma mpaka saluni, wateja wakiwa wanasukwa. Chagua kipande chenye swali ndani yake, kisizidi dakika tatu, ukate kabla ya jibu. Wanaokumbuka hadithi za magazetini wanajua neno "itaendelea" lilivyokuwa linawarudisha watu kwa muuza magazeti.

Nyie wenzangu mmefanyaje? Wasomaji nanyi semeni.

Mdau, Mwanza

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi nizungumzie maduka. Duka la vitabu halinunui kwako, linachukua mali kauli, yaani unalipwa vikishauzwa. La kwangu lilikata asilimia 35, sikulalamika, maana kodi ya pango wanalipa wao. Tatizo ni kudai chako. Ukienda leo bosi kasafiri, kesho mhasibu hayupo. Sasa hivi siachi hata nakala moja bila hati ya makabidhiano: idadi, bei, asilimia yao, na tarehe ya kuja kuhesabu, tunasaini wote wawili.

La pili, angalia kitabu chako kimekaa wapi. Changu kilipangwa nyuma ya madaftari, mgongo umeelekea ukutani. Nikampa dada anayeuza pale nakala yake, nikamwandikia jina lake ndani, nikamwomba asome tu. Niliporudi kilikuwa mezani pembeni ya mashine ya risiti, na yeye ndiye anawasimulia wateja. Hakuna tangazo nililowahi kulipia lililofanya kazi kama ya yule dada.

Msomaji, Mombasa

Ndugu zangu, mimi siandiki, nasoma. Huku kwetu Kenya vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16 tangu 2013, kwa hivyo mtu akitoa pesa yake ameshafikiria mara mbili. Kikundi chetu cha kusoma kiliagiza riwaya ya mwandishi wa Tanga aliyejichapishia, ikaja kwa basi kupitia Lungalunga. Tulimpigia kwa video tukaketi naye usiku mzima kumhoji kuhusu ule mwisho. Alitujibu kwa heshima hata pale tulipomkosoa, na siku ile ile wengine wakaagiza cha pili.

Lakini nawaomba kwa dhati: mlipeni mhariri. Mhusika aliyeitwa Zuhura ukurasa wa 40 akawa Zuhra ukurasa wa 90, na nafasi baada ya nukta hazipo. Msomaji aliyekwazwa hivyo hasemi neno, ila hanunui tena, na kitabu hampi jirani.

Mwalimu, Mbeya

Wengi mnakimbilia shule. Elewa kwanza kwamba kitabu cha kiada au ziada kinataka ithibati ya Kamishna wa Elimu, hivyo usimlaumu mkuu wa shule akikataa kukiingiza darasani. Kuna mlango mwingine, mahafali. Omba ruhusa mapema, weka meza nje ya ukumbi, kwa sababu siku hiyo wazazi wanakuja na hela na wanatafuta zawadi. Mgeni rasmi wetu alinunua vitabu vya wanafunzi wote waliofanya vizuri Kiswahili, mwandishi akavisaini pale pale, kila kimoja na jina la mtoto. Mmoja wa watoto wale sasa anaandika mashairi, ananiletea nisahihishe.

Na mwenye mswada ambao haujachapwa afikirie pia kuupeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023. Soma masharti yake kabla hujakimbilia mashine.

Mtunzi wa hadithi za simu

Jamani, mimi nilianza WhatsApp. Sehemu za mwanzo bure, hadithi nzima 2,000. Wasomaji wangu wengi ni wadada wa kazi na wauza duka, wanasoma usiku wakimaliza shughuli. Mmoja yuko Muscat, mdogo wake ndiye anamlipia kutoka Morogoro.

Kinachoniumiza ni wizi. Unatuma PDF asubuhi, jioni unaikuta kwenye grupu usilolijua. Sasa naandika jina na namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa. Inachosha, ila usambazaji umepungua sana, maana hakuna anayetaka namba yake izunguke. Nilipochapa kitabu cha karatasi, wanunuzi wa kwanza walikuwa wale wale walioisoma kwenye simu. Walitaka wakishike, waweke kabatini.

Mwanzisha mada

Asanteni sana wakuu. Mwalimu, nakuja inbox kuhusu mahafali. Dada wa hadithi za simu, hilo la namba naanza nalo wiki hii. Mdau wa Mwanza, ile hati ya makabidhiano ipige picha, ufute majina, utuwekee hapa. Wengine endeleeni, hasa wa vijijini: huko mnauzaje pasipo na duka la vitabu?